Asilimia kumi ya nini? Bajeti ya kilimo, konde la mpunga na umaskini wa Pemba

Kila ikifika Mei na Juni, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar pale Chukwani huingia katika mjadala wa bajeti, na kwa wiki kadhaa redio huwa ni tarakimu tupu, kutwa. Waziri wa Kilimo akisimama kuomba fedha zake, swali moja halikosi kuulizwa, na mwakilishi, na mwandishi wa habari, hata na wazee wa maskani: safari hii kilimo kimepewa asilimia ngapi? Ikitajwa ndogo, watu huguna. Ikiwa kubwa kuliko ya mwaka jana, meza hugongwa. Mimi naona swali hilo, hata likijibiwa kwa ukweli mtupu, halimwambii mtu wa Micheweni, kule Pemba, lolote juu ya chakula chake cha mwakani. Ni sawa na kumuuliza aliyetoka sokoni alikwenda na shilingi ngapi, ukaacha kutazama kikapu.

Hata hivyo asilimia hiyo ina historia yake.

Mwezi wa Julai 2003, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Maputo, Msumbiji, wakaahidi kwamba ndani ya miaka mitano kila nchi itaelekeza si chini ya asilimia 10 ya bajeti yake katika kilimo, ili kilimo kikue kwa asilimia 6 kila mwaka. Mwaka 2014, kule Malabo, Guinea ya Ikweta, wakairudia ahadi hiyo na kuiongezea nyengine: njaa iishe na umaskini upungue kwa nusu ifikapo 2025. Ukawekwa na utaratibu wa kupimana kila baada ya miaka miwili. Katika tathmini ya 2024 haikupatikana hata nchi moja iliyokuwa katika mwendo wa kutimiza ahadi zote za Malabo. Januari 2025 wakakutana tena, Kampala, wakaandika mpango mpya wa miaka kumi, 2026 hadi 2035.

Kumi hiyo haikupimwa maabara. Ni ahadi ya viongozi, na uzuri wake ni kwamba ni nyepesi kukumbukwa, kwa hivyo ni nyepesi kudaiwa. Nyuma yake lakini kulikuwa na hoja nzito. Tangu miaka ya themanini, yalipokuja marekebisho ya uchumi, serikali nyingi zilijitoa katika kilimo, na wafadhili nao wakapunguza misaada yao. Ripoti ya maendeleo ya Benki ya Dunia ya mwaka 2008 ilionesha kwamba nchi zinazotegemea kilimo zilikuwa zikikitolea kilimo kiasi cha asilimia 4 tu ya matumizi ya serikali, wakati watu watatu katika kila maskini wanne wa nchi zinazoendelea walikuwa wakiishi vijijini. Ripoti hiyo hiyo ilisema ukuaji wa uchumi unaotoka katika kilimo hupunguza umaskini si chini ya mara mbili ya ukuaji unaotoka kwengineko. Sababu yake haihitaji digrii: hoteli ikipata faida, sehemu kubwa ya faida hiyo inakwenda kwa mwenye hoteli, muhogo ukizaa vizuri, anayeshiba ni aliyeulima, na jirani yake anayeununua anaupata kwa bei ndogo.

Kutoka hapo watu wakaruka moja kwa moja hadi kwenye hitimisho: tia pesa katika kilimo, umaskini utaondoka. Ndipo mambo yanapoanza kuchanganyika.

Malawi na Ethiopia

Malawi ni miongoni mwa nchi zilizoitimiza ile kumi, tena na zaidi. Kuanzia msimu wa 2005/06 serikali ilianza kutoa ruzuku ya mbolea na mbegu za mahindi kwa wakulima wadogo. Mavuno yalipanda, na 2007 Malawi ikawa inaiuzia mahindi Zimbabwe, jambo lililoandikwa duniani kote kama muujiza. Kufika 2008/09, bei ya mbolea ilipopaa, ruzuku peke yake ilikuwa imemeza zaidi ya thuluthi mbili ya bajeti ya wizara ya kilimo. Na umaskini? Mwaka 2004/05 Wamalawi walio chini ya mstari wa umaskini walikuwa asilimia 52.4. Mwaka 2010/11 walikuwa 50.7. Mwaka 2016/17, 51.5. Miaka kumi na zaidi, mabilioni ya kwacha, na tarakimu imesimama pale pale.

Ethiopia nayo ilivuka asilimia kumi. Huko umaskini ulishuka kutoka asilimia 45.5 mwaka 1995/96 hadi 23.5 mwaka 2015/16. Si kwamba Ethiopia haikununua mbolea, ilinunua sana. Lakini pesa zake zilikwenda na kwengine: mabwana shamba watatu katika kila eneo dogo la utawala, barabara za kuingia vijijini, na kuanzia 2005 mpango mkubwa wa kinga ya jamii uliowapa kaya maskini chakula au fedha kwa kazi za umma, kama kujenga makinga maji na njia. Siisifu kila kitu. Vita na ukame vilivyofuata vimeharibu mengi. Ila ukiziweka nchi hizi mbili pamoja, zote na kumi zao, unaona kwamba asilimia ilikuwa ile ile na kilichonunuliwa kilikuwa tofauti.

Watafiti wa sera za chakula waliwahi kuipima hali hii kwa undani nchini India, wakilinganisha miongo ya matumizi ya serikali jimbo kwa jimbo. Vitu viwili vilivyowatoa watu wengi zaidi katika umaskini kwa kila rupia iliyotumika vilikuwa barabara za vijijini na utafiti wa kilimo. Uganda walipofanya hesabu ya namna hiyo, utafiti na ugani, yaani kazi ya mabwana na mabibi shamba, vikatangulia na barabara ndogo za vijijini zikafuata. Ruzuku, ambayo ndiyo inayopendwa na kila mwanasiasa kwa kuwa ina polo la kupiga nalo picha, mara nyingi hukaa chini kabisa ya orodha.

Kilimo ni wizara ipi?

Turudi visiwani. Kabla hatujabishana juu ya kikubwa na kidogo, tukubaliane tunahesabu nini, maana hapa watu wengi hupotezana.

Kwanza, kilimo si jambo la Muungano. Unaposikia kwamba bajeti ya kilimo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na baadaye kuvuka trilioni moja, hizo ni za Dodoma, za Wizara ya Kilimo ya Bara. Hazihusiani na polo la mbolea linaloshushwa Mkoani, bandari ya Pemba. Ya kwetu inaombwa Chukwani. Nimeshasikia kijana akigombana kwa saa nzima juu ya hizo bilioni 954, zimekwenda wapi, mbona Pemba hazijaonekana. Hazikuwa za Pemba.

Pili, kwetu kilimo kimegawanyika katika wizara nyingi. Iko Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo. Lakini uvuvi na mwani viko katika Wizara ya Uchumi wa Buluu, iliyoundwa 2020. Karafuu inanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Njia ya kutoka bondeni hadi barabara kuu iko kwa wenye ujenzi. Kwa mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha matumizi ya serikali, kilimo ni pamoja na misitu na uvuvi, lakini barabara haimo. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kupata asilimia fulani na mwengine akapata nyengine, na wote wawili wasiwe waongo. Mama anayefunga tai-tai, zile kamba ndogo za mwani, Kiuyu, kwa fungu la Wizara ya Kilimo hayumo. Kwa maisha yake, yeye ni mkulima kama mkulima mwengine.

Na lipo la tatu, ambalo ni la hesabu tu. Bajeti nzima ya Zanzibar ya 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 2.8, ya 2024/25 ilikuwa trilioni 5.1, kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya ujenzi. Tuseme fungu la kilimo liliongezwa nusu yake nzima, kitu ambacho waziri yeyote angejivunia. Asilimia yake ingeshuka, kwa sababu kilichogawiwa kimekua kwa zaidi ya asilimia 80. Mpinzani angesema kilimo kimetupwa, na waziri angesema kimeongezwa sana. Wote wangekuwa na karatasi mkononi.

Shilingi inasafiri vipi hadi bondeni

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Fungu la wizara limegawika sehemu mbili: matumizi ya kawaida, ambayo ni mishahara na uendeshaji wa ofisi, na matumizi ya maendeleo, yaani miradi. Mishahara ndiyo isiyocheleweshwa, kwa haki kabisa. Uendeshaji ndio unaobanwa mwanzo pesa zikiwa chache. Matokeo yake unamkuta bibi shamba mwenye diploma ya chuo cha kilimo cha Kizimbani, analipwa kila mwezi, pikipiki anayo, na haendi kwa wakulima kwa kuwa hana petroli ya kwenda. Katika hesabu, pesa ya ugani imetumika kama ilivyopangwa. Kwa mkulima hakuna aliyekuja. Ukimpunguzia mtu huyo lita chache kwa wiki umeupoteza mshahara wake wote wa mwaka, lakini hakuna jedwali linaloonesha hasara hiyo.

Miradi nayo ina fedha za ndani na fedha za nje. Kwa upande wa nje, mradi mkubwa wa umwagiliaji ulio katika mabonde kama Cheju, Kibokwa, Kinyasini na Chaani kwa Unguja, na Mlemele na Makwararani kwa Pemba, umejengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Mkopo unaingia bajetini kwa mkupuo: mwaka wa ujenzi asilimia ya kilimo inanenepa, mwaka wa pili yake inakonda, wala hakuna aliyebadilisha sera. Tena mfereji ukishajengwa unahitaji kusafishwa, mlango wa maji ukishika kutu unahitaji fundi, pampu inahitaji umeme. Hayo ni ya matumizi ya kawaida, yale yale yanayobanwa mwanzo.

Sasa tazama kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mpunga wetu mwingi ni wa masika. Trekta linatakiwa konde Januari na Februari, kulima kisha kuburuga. Mbegu iingie ardhini Februari au Machi, kabla mvua haijashika. Mbolea ya kupandia inatakiwa siku ya kupanda. Ya kukuzia inatakiwa wiki tatu hivi baadaye, na mara nyengine tena mpunga unapokaribia kubeba mimba. Mpunga haungojei barua ya wizara.

Bajeti ikipita Juni, fedha za miradi haziji zote Julai; zinaingizwa kidogo kidogo kwa robo ya mwaka, kadiri kodi inavyokusanywa. Zabuni ya mbolea haiwezi kusainiwa mpaka fedha ziwe na uhakika. Ikisainiwa, mzabuni anaagiza, meli inakuja, mzigo unashushwa, unagawiwa Unguja, kisha unavushwa kwenda Pemba, kisha unapelekwa ghalani, kisha sheha anaita watu. Hatua moja ikichelewa mwezi, nyengine zote zinasukumwa mbele. Tuseme mbolea ya kukuzia imefika Mei. Mpunga umeshatoa masuke, na watoto wako bondeni wanawinga ndege. Mkulima anachukua polo lake kwa sababu ni la ruzuku na hawezi kuliacha; analiweka chini ya kitanda mpaka vuli, au analiuza kwa mwenye shamba la tungule. Mwezi wa Juni ripoti itaandika kwamba mbolea yote iliyopangwa imesambazwa. Ni kweli imesambazwa. Katika mpunga wa mwaka ule haikuongeza hata kibaba.

Kwa hiyo mtu akiniuliza lipi bora, fungu la bilioni kumi linalofika Aprili au la bilioni sita linalofika Novemba, mimi sina haja ya kufikiri. Na dawa ya hili si pesa zaidi. Ni kuruhusu zabuni za pembejeo zianze mapema, kwa mikataba ya zaidi ya mwaka mmoja, na kuingiza fedha za kilimo kwa kufuata mvua badala ya kuzigawa sawa kwa robo nne.

Kazi isiyo na utepe

Nimetaja utafiti. Tunao mfano wetu wenyewe, na nashangaa kwa nini hautajwi kila siku. Muhogo wa visiwani ulikuwa ukiangamizwa na maradhi mawili, batobato na michirizi kahawia. La pili ni baya zaidi kwa sababu jani linaweza kukudanganya, ukang'oa muhogo na kuukuta umeoza ndani. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Kizimbani walifanya kazi miaka kadhaa, na 2007 zikatolewa mbegu nne zinazostahamili maradhi hayo: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Kwa upande wa mpunga, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walitumia mionzi kuibadilisha mbegu ya zamani ya Supa na kupata Supa BC, inayowahi kukomaa na kuzaa zaidi.

Kipando cha muhogo kikishaingia kijijini, jirani anamkatia jirani, bila ya tiketi ya ruzuku na bila ya foleni kwa sheha. Serikali imelipa mara moja na faida inajizalisha yenyewe. Ndiyo maana hesabu za India na Uganda zinaupandisha utafiti juu. Lakini utafiti unachukua miaka mitano, minane, kumi. Bajeti ni ya mwaka mmoja na uchaguzi ni wa miaka mitano. Tena hakuna kiongozi atakayekata utepe mbele ya shina la muhogo.

Ugonjwa huo huo uko katika miche ya mikarafuu. Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikiotesha miche na kuwagaia wakulima bure au kwa bei ndogo, na kinachoripotiwa ni idadi ya miche iliyotolewa. Mche wa mkarafuu unataka kivuli na maji katika kiangazi chake cha kwanza, na mpaka uanze kuzaa ni miaka mitano na kuendelea. Anayetaka kujua kama pesa ile imezaa angehesabu iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Hesabu hiyo ni ngumu, inataka watu wa kutembea mashamba, na haimpendezeshi mtu.

Fungu lisilokuwemo kitabuni

Kwa mtu wa Pemba, sera kubwa kabisa ya fedha ya serikali juu ya kilimo haikuwahi kuandikwa katika fungu la Wizara ya Kilimo. Ilikuwa bei ya karafuu.

ZSTC iliundwa 1968 na ndiyo mnunuzi pekee wa karafuu kisheria. Mnunuzi akiwa mmoja, bei anayompa mkulima na bei anayouzia nje zinaweza kuwa mbali sana, na tofauti ile inaingia serikalini. Kiuchumi hiyo ni kodi, hata kama hakuna aliyeiita kodi. Kwa miongo ya mwanzo baada ya Mapinduzi, karafuu ndiyo iliyoibeba serikali: skuli, hospitali, majumba. Karafuu nyingi zaidi inatoka Pemba. Kwa hiyo ukifungua kitabu cha bajeti cha zama zile ungeona serikali inakipa kilimo kitu fulani, na usingeona kwamba kwa mlango mwengine imeshachukua zaidi. Ni pale Indonesia, iliyokuwa mteja mkubwa, ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka miaka ya themanini, ndipo mtaji huo ulipokauka. Mkulima alijibu kwa njia alizonazo. Aliacha kupalilia, mikarafuu mizee ikafa bila ya kupandwa mengine, na mzigo mzuri ukavushwa usiku kwa magendo kwenda Kenya.

Mwaka 2011 serikali ilipandisha bei ya kilo ya daraja la kwanza hadi shilingi 15,000, kiasi cha mara tatu ya ilivyokuwa muda mfupi nyuma, na ikashikilia sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kwa miaka kadhaa baadaye bei ilisimama kwenye 14,000. Hatua hiyo moja ilipeleka pesa nyingi Pemba kuliko miradi mingi iliyobandikwa vibao barabarani, na katika asilimia ya kilimo haikuongeza hata nukta. Magendo yalipungua kwa sababu sababu yake ilipungua.

Ingekuwa vizuri kuimalizia hadithi hapo. Lakini zitazame takwimu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2009/10 ulikuta asilimia 34.9 ya Wazanzibari hawamudu mahitaji ya lazima; wa 2014/15 ukakuta 30.4, wa 2019/20 ukakuta 25.7. Umaskini wa Zanzibar kwa jumla unashuka. Pemba, kati ya tafiti mbili za mwanzo, na bei ya karafuu ikiwa imeshapanda katikati yake, ilikwenda kinyume: uchambuzi wa Benki ya Dunia ulionesha umaskini wake ukipanda kutoka kiasi cha asilimia 48 hadi 55.

Maelezo ninayoyaamini ni haya. Karafuu ina miaka ya neema na miaka ya ukame wa mavuno, na utafiti wa kaya hupima kile watu wanachotumia katika kipindi chake. Halafu bei nzuri inampata mwenye mikarafuu, au aliyeikodi. Anayepanda juu ya mti kuchuma na kulipwa kwa pishi anapata chake msimu ule tu, na anayekaa upande wa mashariki wa kisiwa, penye mawe, ambako mkarafuu haushiki, hana mti wala pishi. Micheweni iko upande huo. Kumpa haki mkulima wa karafuu kulikuwa ni jambo la haki. Kumfikia maskini kabisa wa Pemba ni kazi nyengine, na inahitaji fungu jengine.

Maskini naye ananunua mchele

Kuna dhana inayokwenda kimya kimya katika mijadala hii: kwamba mtu wa kijijini ni muuzaji wa chakula, kwa hiyo chakula kikipanda bei yeye ananufaika. Visiwani kwetu si hivyo, wala si hivyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Kaya nyingi maskini za vijijini hununua chakula kingi kuliko wanachouza. Mwenye eka moja ya mpunga wa kutegemea mvua anakula wake miezi michache, kisha anakwenda dukani kama mtu wa mjini Darajani, akapima mchele wa mapembe kwa kilo. India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida Julai 2023, bei ilipanda duniani, na mkulima wa mpunga wa Pemba akaumia na yeye.

Kwa hiyo kumlinda mkulima kwa kupandisha ushuru wa mchele wa nje kunaweza kumtia njaa mkulima huyo huyo. Kinachomsaidia pande zote mbili ni eka ile ile kutoa zaidi: maji, mbegu, mbolea iliyofika kwa wakati. Hapo ndipo ninapokubaliana na wenye kutaka fungu likue.

Na hapa ndipo pia ninapotofautiana na wanaosema pesa za kaya maskini za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni za kula tu, bora zingetiwa katika kilimo. Kaya isiyo na akiba hainunui mbolea hata ikiwa ya ruzuku, kwa sababu mvua ikikosa itabaki na deni na tumbo tupu. Ikiwa na uhakika wa kidogo kila baada ya miezi michache, inathubutu. Ethiopia ililiona hilo ikaendesha mambo mawili kwa pamoja. Kwetu hesabu zake zimekaa katika vitabu viwili tofauti, na wanaovisoma hawakutani.

Kitabu cha hotuba ya bajeti ya wizara si kigumu kama kinavyoonekana kwa unene wake. Kurasa za mwanzo, za shukurani na pongezi, ruka. Tafuta sehemu ya utekelezaji wa mwaka unaomalizika, kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Julai hadi Machi, na uangalie safu mbili: fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizoingizwa, programu kwa programu. Zitazame za ugani, utafiti na umwagiliaji kabla ya nyengine, na utenganishe mishahara. Mwakilishi wa jimbo lako akirudi kutoka Chukwani akakwambia bonde lenu limetengewa fedha, muulize zile za mwaka uliopita ziliingizwa kiasi gani kufikia Machi, na mbolea ilifika Mkoani tarehe ngapi.